Jinsi ya kufuatilia vizazi vya familia ya mashambani Ayalandi: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Ujumbe ninaoupata mara nyingi kuliko wote unafanana hivi: mtu kaolewa na Mwairishi, au mtoto wake anasoma Cork na mwalimu kataka mti wa familia, au bibi yake mzaa baba alikuwa Mwairishi, basi kaingia mtandaoni kaandika Mary Walsh, Mayo, yakaja majibu mamia, kachagua mmoja anayeelekea kuwa ndiye, kapanda naye mpaka karne ya 18, alafu siku moja inatokea barua ya zamani kabatini inaonyesha watu wote aliowajaza kwenye mti ni ukoo mwingine kabisa. Miezi sita imepotea hapo.

Na mimi nilipita humo humo na ukoo wa mume wangu, kwa hiyo najua inavyouma.

Kosa ni moja: watu wanafuata jina. Mashambani Ayalandi jina peke yake halikufikishi popote, manake parokia moja inaweza kuwa na akina Patrick Walsh kumi na nusu yao baba zao wote ni John. Kinachowatenganisha ni kitongoji. Wao wanakiita townland, kwa Kiairishi baile fearainn, viko zaidi ya 60,000 nchi nzima na vingine vina nyumba mbili tatu tu. Shika kitongoji usikiachie.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari au jedwali la kompyuta lenye safu hizi: jina, mwaka, kitongoji, parokia, umekiona wapi, na una uhakika kiasi gani. Hiyo safu ya mwisho usiiache.
- Intaneti. Tovuti nne za bure zitabeba karibu kazi yote: ya Hifadhi ya Taifa ya Ayalandi kwa ajili ya sensa, irishgenealogy.ie kwa vizazi, ndoa na vifo, registers.nli.ie kwa rejista za Wakatoliki, na askaboutireland.ie kwa mashamba.
- Tovuti mbili za majina ya mahali: townlands.ie na logainm.ie.
- Simu ya kurekodi wazee wakiongea.
- Subira ya wiki kadhaa. Usilipie tovuti yoyote kabla hujamaliza za bure.

## Hatua ya 1: Ongea na walio hai, lengo ni kitongoji

Usianze na kompyuta. Anza na mzee aliye hai kwenye ukoo, na usimuulize "babu yako aliitwa nani", muulize "nyumba ya kwao ilikuwa wapi, kanisa gani walisali, walizikwa wapi, majirani zao akina nani". Mzee anaweza kusahau jina la babu ila jina la shamba halimtoki.

Omba kuona kadi za kumbukumbu za marehemu. Waairishi Wakatoliki wanachapisha kadi ndogo yenye picha, sala na tarehe ya kifo, mara nyingi na mahali alipoishi, na wabibi wanazihifadhi ndani ya kitabu cha sala. Kwa mama mkwe wangu zilikuwa kama 40 zimefungwa na utepe, na kitongoji tulichokitafuta miezi mitatu kilikuwa kimechapwa kwenye kadi ya tatu.

Kama familia ilihamia Marekani, kitongoji kitafute huko huko Marekani kabla hujarudi Ayalandi. Angalia jiwe la kaburi, tangazo la kifo gazetini, cheti cha ndoa cha kanisani. Orodha za abiria wa meli waliofika Marekani kuanzia 1907 zina safu ya ndugu wa karibu aliyebaki nyumbani na anwani yake, hiyo ni dhahabu. Na gazeti la Boston Pilot lilichapisha kuanzia 1831 mpaka 1921 matangazo ya watu wanaotafuta ndugu zao, mengi yanataja parokia na kitongoji kabisa.

Tahadhari: Mtu akisema "walitoka Cork" usiandike kaunti ya Cork moja kwa moja. Wengi walipandia meli Queenstown, ambayo leo ni Cobh, wakati kwao ni Kerry au Tipperary.

Umefika ukiwa na jina la kitongoji, hata likiwa limeandikwa kwa kukosea. Ukiwa na parokia tu unaweza kuendelea kwa tabu kidogo. Ukiwa na kaunti tu, rudi kwa wazee.

## Hatua ya 2: Kiweke kitongoji kwenye ramani

Ayalandi sehemu moja iko ndani ya mafungu mengi kwa wakati mmoja na kila rekodi inatumia fungu lake. Kwa hiyo andika mnyororo mzima: kitongoji, parokia ya kiserikali, parokia ya Kikatoliki, baronia (fungu la zamani lenye parokia kadhaa), kata ya uchaguzi, Poor Law Union (wilaya ya zamani ya kuhudumia maskini), kaunti. Sensa inapangwa kwa kata, vyeti vinapangwa kwa wilaya ya msajili ambayo inafuata Union, vitabu vya mashamba vinafuata parokia ya kiserikali. Usipokuwa na mnyororo huu utakuwa unatafuta kitu sahihi kwenye kabati isiyo yake.

Parokia ya kiserikali na parokia ya Kikatoliki sio kitu kimoja, hata zikiwa na jina moja. Hapa watu wengi wanaanguka.

Tena jina moja la kitongoji linajirudia kwenye kaunti nyingi, na spelingi inabadilika kila karani alipoisikia kivyake, manake jina lilikuwa la Kiairishi na yeye anaandika kwa Kiingereza. Logainm inakuonyesha spelingi za zamani, zinakili zote. Na ukiona King's County kwenye karatasi ujue ni Offaly, Queen's County ni Laois.

## Hatua ya 3: Sensa ya 1911, alafu 1901

Hizi mbili ndo sensa kongwe zilizobaki kamili. Za 1821 mpaka 1851 karibu zote ziliungua Dublin kwenye moto wa Four Courts, jengo la mahakama lililokuwa na hifadhi ya kumbukumbu, Juni 1922, za 1861 na 1871 serikali ilishaziharibu zamani, za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa rojo la kutengenezea karatasi wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Kwa hiyo usipoteze usiku kuzitafuta.

Anza na 1911, na usitafute kwa jina. Pita kaunti, kata, kitongoji, alafu fungua nyumba zote za kitongoji hicho moja moja. Sababu ni mbili: jina linaweza kuwa limenukuliwa vibaya lisitokee kwenye utafutaji, na majirani ni ushahidi. Utakuja kuwaona tena kwenye ubatizo, kwenye ndoa, kwenye mashamba.

Ndani ya fomu ya 1911 kuna kitu ambacho 1901 haina. Mwanamke aliyeolewa aliulizwa ameolewa miaka mingapi, amezaa watoto hai wangapi, wangapi bado wapo hai. Tuseme imeandikwa miaka 24, watoto 11, walio hai 8. Mstari huo mmoja umekupa ndoa ya kutafuta kati ya 1886 na 1888, vizazi 11, na vifo vitatu vya kuvitafuta kabla ya Aprili 1911. Kwangu mimi hakuna mstari wenye faida zaidi ya huo kwenye rekodi zote za Ayalandi.

Fungua pia fomu ya nyumba, wengi wanairuka. Inakuambia paa ni la nyasi au la kudumu, vyumba vingapi, madirisha mangapi upande wa mbele, na fomu ya mabanda inasema kama kulikuwa na zizi la ng'ombe au banda la nguruwe. Kwa mume wangu mwaka 1901 ilikuwa paa la nyasi, vyumba viwili, madirisha mawili, watu tisa. Nilikaa na ile karatasi muda mrefu. Jina la mwenye ardhi nalo lipo kwenye fomu hiyo hiyo, linakili, utalihitaji.

Tahadhari ya umri: Usiuamini. Pensheni ya wazee ilianza kulipwa Januari 1909, shilingi 5 kwa wiki kwa aliyefika miaka 70, na watu wengi hawakuwa na cheti wala hawakujua mwaka waliozaliwa. Matokeo yake mtu anazeeka zaidi ya miaka kumi kati ya sensa mbili. Bibi mmoja kwenye ukoo wetu ana 54 mwaka 1901 na 70 mwaka 1911. Ni yule yule, usimkatae, ila mwaka wake wa kuzaliwa uandike kwa penseli.

Tahadhari nyingine: Sensa iliandika waliolala hapo usiku huo tu. Kijana aliyekuwa mtumishi shamba la mbali anatokea huko, sio kwao. Kutokuwepo sio kufa.

Umemaliza hatua hii ukiwa na familia ile ile kwenye kitongoji kile kile mara mbili, watoto wa 1901 wamekua au wameondoka kwa 1911, na majina yanajibizana.

## Hatua ya 4: Vyeti, na anza na ndoa

Usajili wa vizazi, vifo na ndoa za wote ulianza tarehe 1 Januari 1864. Ndoa za wasio Wakatoliki zilianza kusajiliwa 1845. Kwenye irishgenealogy.ie unaona picha ya ukurasa wenyewe wa rejista bure kabisa: vizazi vya zaidi ya miaka 100, ndoa za zaidi ya miaka 75, vifo vya zaidi ya miaka 50. Kaunti sita za Ayalandi ya Kaskazini zimo mpaka 1921, baada ya hapo nenda kwenye ofisi ya usajili ya Belfast, huko unalipia kila rekodi.

Anza na ndoa kwa sababu ndo inakuvusha kizazi. Ina majina ya baba wote wawili na kazi zao, vitongoji walipokuwa wanaishi bwana na bibi harusi, na mashahidi. Mama hawatajwi. Umri mara nyingi imeandikwa "full", maana yake amefika 21, basi.

Ndoa itafute kwenye parokia ya bibi harusi, sio ya bwana. Na anza na Februari, manake ndoa hazikufungwa wakati wa Kwaresima na watu wa mashambani walirundika harusi zao kwenye wiki za kabla ya Jumatano ya Majivu. Mtoto wa kwanza naye mara nyingi alibatizwa kwao mama, kwa hiyo akikosekana kwenye parokia ya baba, vuka mpaka ukamwangalie kule.

Kisha vizazi. Cheti cha kizazi kina kitongoji cha baba na jina la mama la kabla ya kuolewa, na hayo mawili pamoja ndo kufuli lako. Baba John na mama Mary unaweza kuwapata kumi. Baba John wa kitongoji fulani na mama Mary wa ukoo fulani, utampata mmoja. Tafuta watoto wote, sio babu yako peke yake. Kama 1911 ilisema 11, hesabu mpaka 11.

Usishangae kuona mtoto kabatizwa wiki tatu kabla ya "kuzaliwa". Kizazi kilitakiwa kiandikishwe ndani ya siku 42, ukichelewa unalipa faini, basi mzazi aliyechelewa alisogeza tarehe mbele. Tarehe ya ubatizo ndo ya kuaminika.

Cheti cha kifo cha zamani cha Ayalandi hakitaji wazazi, kwa hiyo wengi wanakipuuza. Usikipuuze. Angalia nani alitoa taarifa. Imeandikwa mtoto wa marehemu, alikuwepo wakati wa kifo, na kitongoji chake, kumbe ndo unagundua yule binti aliyepotea aliolewa kitongoji cha pili.

### Kuhusu majina

Hapa nakaa kidogo, manake hapa ndo mnapotea zaidi. Bridget ni Biddy, ni Bridie, ni Delia. Honora ni Nora, ni Hanora. Timothy anaweza kuwa Thady, kwa sababu nyuma yake kuna Tadhg, na Jeremiah ni Darby kwa sababu nyuma yake kuna Diarmuid. Sullivan na O'Sullivan ni ukoo mmoja, ile O ilidondoshwa ikaja kurudishwa, ndugu wa tumbo moja wanaweza kuandikwa kila mtu kivyake. Sehemu za Cavan mtu anaitwa Smith kumbe ni McGowan, manake Mac Gabhann ni mtoto wa mhunzi na karani alilitafsiri tu.

Kuna pia desturi ya kurithisha majina: mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, wa kike wa kwanza la bibi mzaa mama, wa pili la bibi mzaa baba. Sisi tunaoita watoto majina ya babu na bibi tunaielewa haraka. Itumie kama dokezo la kukuonyesha uangalie wapi, ila usiiandike kwenye mti kama uthibitisho.

## Hatua ya 5: Rejista za parokia

Kabla ya 1864 Mkatoliki wa mashambani utamkuta kanisani. Maktaba ya Taifa iliweka picha za rejista mtandaoni mwaka 2015, bure, mpaka karibu 1880. Picha hizo hazina indeksi, unafungua parokia unasoma kurasa. Indeksi ipo kwenye tovuti za Findmypast na Ancestry, na kwa Kerry, Dublin mjini na sehemu za Cork rudi irishgenealogy.ie.

Ushauri wangu ni usome kurasa zenyewe hata kama indeksi ipo. Mwandiko unatisha siku ya kwanza, siku ya tatu unamzoea padri. Nyingi ni Kilatini, ila maneno ni machache yanajirudia: Joannes ni John, Jacobus ni James, Gulielmus ni William, Brigida ni Bridget, na "Sp." ni wasimamizi wa ubatizo. Wasimamizi hao wanakili kila mara! Mara nyingi ni kaka na dada za wazazi, na ukishindwa kuchagua kati ya akina John wawili, wasimamizi ndo watakuamulia.

Parokia nyingi za magharibi rejista zinaanza miaka ya 1820 mpaka 1850 tu, na za maziko ni adimu mno. Waprotestanti wa Church of Ireland rejista zao nyingi ziliungua kwenye ule moto wa 1922, hivyo ulizia kama parokia yako ilibaki na nakala.

## Hatua ya 6: Fuata shamba

Hii hatua inarukwa na karibu kila mtu, na ndo inayotofautisha mti wa kweli na wa kubahatisha.

Uthamini wa Griffith, yaani hesabu ya serikali ya thamani ya ardhi na nyumba kwa ajili ya kodi, ulifanywa kati ya 1847 na 1864, na kwa sababu sensa hazipo ndo unaziba pengo lake. Unakuonyesha kila aliyeshika nyumba au ardhi kwenye kitongoji, aliyempangisha, ukubwa wa ardhi, thamani, na namba ya kiwanja inayolingana na ramani. Anatajwa mkuu wa nyumba tu, mke na watoto hawamo. Ukisoma "house, offices and land" usidhani babu alikuwa na ofisi, hayo ni mabanda.

Kama majina ya watu kadhaa yamefungwa pamoja kwa mabano kwenye kiwanja kimoja, walikuwa wanashirikiana ardhi, na uwezekano wa kuwa ndugu ni mkubwa ila hauthibitishi kitu. Na kama kitongoji kilikuwa na akina Walsh wanne wenye jina moja, mthamini aliwatenganisha kwa kuandika jina la baba pembeni, au jina la utani. Mzee wetu ameandikwa Bawn, kutoka Kiairishi bán, yaani mweupe. Nililinakili bila kujua litanisaidia nini.

Sasa unganisha Griffith na sensa ya 1901. Daraja ni vitabu vya marekebisho. Kila baada ya muda mthamini alirudi, akakata jina la aliyeondoka, akaandika mrithi juu yake kwa wino wa rangi nyingine na mwaka pembeni. Kaunti sita za kaskazini vitabu viko bure kwenye tovuti ya PRONI, hifadhi ya kumbukumbu ya Ayalandi ya Kaskazini, kuanzia 1864 mpaka 1933. Za kaunti 26 zilizobaki, yaani za Jamhuri, omba kwa Tailte Éireann, idara ya serikali ya ardhi, Dublin. Omba nakala za rangi, manake bila rangi huwezi kujua badiliko lipi ni la mwaka gani.

Soma hivi: John amekatwa mwaka 1879, juu yake mke wake akiwa mjane, naye amekatwa 1893, juu yake Patrick. Nenda kwenye vifo vya 1877 mpaka 1879, John yupo. Angalia ndoa ya Patrick karibu na 1893, mara nyingi mzee alikabidhi shamba kijana alipooa. Ukiona muhuri wa L.A.P. (Land Act Purchase) ndo pale familia iliacha kupanga ikaanza kununua ardhi yake chini ya sheria za ardhi.

Tahadhari: Magharibi Congested Districts Board, bodi ya serikali iliyoundwa 1891, ilipanga upya mashamba na kuhamisha familia. Jina likitoweka kwenye kiwanja, tafuta vitongoji vya jirani kabla hujasema walihama nchi.

Umefaulu kama kiwanja kile kile kimepita mikono ya watu wako bila pengo kuanzia Griffith mpaka nyumba ya kwenye sensa ya 1911, na kila badiliko lina kifo au ndoa inayolielezea.

## Hatua ya 7: Nyuma ya Griffith

Kuna vitabu vya zaka, Tithe Applotment Books, vya 1823 mpaka 1837, bure kwenye Hifadhi ya Taifa. Vinataja wenye kulima ardhi iliyotozwa zaka tu, vibarua wengi hawamo. Ukimkuta mtu wa jina lako kwenye kitongoji chako mwaka 1827, andika "huenda ni baba wa John". Usiandike "ni".

Kwa familia ya kawaida ya wakulima Wakatoliki hapa ndo mwisho wa barabara, kati ya 1780 na 1820. Mti unaoonyesha mkulima mdogo wa Mayo mpaka mwaka 1500, uulize umetoka wapi. Rejista ya hati za ardhi ya Dublin ilianza 1708, ila mpangaji mdogo hamo humo isipokuwa kwa nadra sana.

## Hatua ya 8: Nenda

Chapisha ramani ya Griffith ya kitongoji chako, chapisha na ya sasa, nenda mchana, vaa buti. Anza na makaburi, piga picha mawe yote ya ukoo huo hata usiowajua, jua likiwa limelala upande ndo maandishi yaliyofutika yanaonekana. Alafu gonga nyumba ya jirani mwenye umri mkubwa, jitambulishe, taja kitongoji kwanza na jina baadaye.

Sisi tulienda mwezi wa tano. Kiwanja tulikikuta, kuta mbili za mawe na shimo la moto limejaa nyasi. Mzee wa shamba la pili akatoka na mbwa wake, mume wangu akataja jina la ukoo, mzee akatikisa kichwa, akasema hapa walikuwepo wengi wa jina hilo, mnawataka wapi? Nikatoa daftari nikamsomea neno lile la pembeni kwenye Griffith. "Ah, akina Bawn," akasema, akageuka akatuonyesha kwa fimbo kisima walichokuwa wanachota maji.